Kama Kuna Aliyekwazika

Tuanze na klipu, maana bila klipu haya yote yangebaki ndani ya kuta nne za kanisa, watu wangeitikia amina, wangeenda zao kula, basi, yameisha.

Klipu yenyewe ilikuwa ya sekunde ishirini na moja. Aliyeikata ni Redio, binti wa Mchungaji, na hilo jina la Redio hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa, kwa sababu habari ikimwingia sikioni asubuhi, kufika saa nne imeshafika kwa muuza maji, kwa kinyozi, na kwa yule bibi kiziwi wa nyumba ya kona ambaye hata hakuuliza. Chuo kasoma, mambo ya habari na mawasiliano, miaka mitatu mizima, cheti kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Siku za kazi ana kiduka cha ushonaji na mwenzake. Jumapili anakata mahubiri ya baba yake vipande vipande, anavirusha mtandaoni.

Mwenzake wa dukani, msichana wa rika lake, anaitwa Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda sokoni anayo. Redio anawapokea wateja, anawachekesha, anachora, anakata. Futi anashona. Redio hajui kushona mstari ukanyooka na Futi hajui kuongea na mteja akamaliza sentensi, kwa hiyo ukiwatenganisha hawa hupati mafundi wawili, unapata nusu mbili.

Na si urafiki tu. Redio alipozaliwa mama yake aliugua, miezi mitatu yuko hoi kitandani hajitambui. Aliyemnyonyesha ni jirani, mama yake Futi, ziwa hili Futi, ziwa lile Redio. Akakua anamwita Mama Mkubwa. Upande huu wa ukuta wanakwenda kanisani, upande ule msikitini, na ukuta wenyewe mfupi, hao watoto wameuruka mpaka juu pamelika. Futi naye akimwita Mchungaji, anamwita Baba.

Sasa Mama Mkubwa akafariki. Ijumaa alfajiri, presha, hata hospitali hawakufika. Alasiri kashazikwa, kama dini yao inavyotaka. Mchungaji alikuwa safarini kwenye semina, siku nne. Kapigiwa simu, kapanda basi, kafika Jumamosi mchana na begi lake mkononi moja kwa moja mpaka makaburini, kakuta udongo umeshamwagiwa maji na umeshaanza kukauka.

Jumapili Redio hakwenda ibadani. Aliiwasha kamera mapema, akaiacha juu ya miguu yake mitatu ijirekodi, akakimbilia msibani kuosha masufuria na Futi. Ibada ilipoisha akarudi mara moja kuchukua kadi ya kamera, akaja kukaa na kompyuta yake mkekani, ubavuni kwa Futi. Sauti akaizima. Watu wamefiwa, utawashaje mahubiri?

Na alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kwenye ile programu sauti inaonekana kama mawimbi: mtu akinong'ona ni kamstari tu, akipaza ni milima. Redio hutafuta mlima mrefu kuliko yote, anakata kidogo kabla, kidogo baada, imeisha hiyo. Miaka miwili anafanya hivyo na haijamtupa hata mara moja, maana baba yake akisema jambo la maana lazima apige mimbari, na akipiga mimbari lazima watu wasimame.

Akauona mlima. Baba kanyanyua mikono, watu wamesimama, wengine wanacheka wanapigana mabega. Akakata. Akaandika juu yake, "Leo Baba kawasha moto!!!" na vimoto vitatu. Akarusha.

"Unafanya nini?" Futi akamuuliza, macho mekundu, sauti imekwisha.

"Kazi za Baba tu. Lete hivyo vitunguu."

Jumatatu asubuhi Redio kaja na mikate sita, kaibeba kifuani kama mtoto. Akaingia uani, akasalimia. Hakuna aliyeitika. Wanawake wote wakaangalia chini, mmoja akajitia kufunga mtandio uliokuwa umeshafungwa. Redio akajiona kama kaingia na viatu vya matope. Futi akanyanyuka, akamshika mkono, akampeleka nyuma kwenye tangi la maji.

"Ulisikiliza ulichokirusha?"

"Kipi?"

Futi akatoa simu. Na hapo ndipo Redio akamsikia baba yake kwa mara ya kwanza. "Hivi hawa wenzetu haraka yao ya nini? Mtu anafukiwa mbiombio, kama mnafukia mzoga! Hata mzoga unasubiri harufu!" Pa! Mimbari. Watu, hahaa, amina.

Redio akairudisha klipu mwanzo, akaisikiliza tena. Si kwamba hajui baba yake ana mdomo. Mchungaji anatania kila mtu, hata kwaya yake mwenyewe. Lakini mzoga! Mzoga ni wa punda, ni wa mbwa kagongwa na gari. Binadamu ni maiti, ni marehemu, ni mwili.

"Futi, wallahi sikusikiliza."

"Usiniapie kwa maneno yetu."

"Sikusikiliza, ndugu yangu! Niliangalia mawimbi tu. Nilikuwa hapa hapa, nimekaa na wewe!"

"Najua ulikuwa hapa." Futi alikuwa anaongea polepole, na kwa mtu asiyemaliza sentensi siku hiyo alizimaliza zote. "Ulikirusha umekaa kwenye mkeka wa mama yangu. Kakangu anataka kuja kuvunja kamera. Nimemzuia. Nimewaambia, Baba ni mtu wa kwetu, ataonekana hapa, atasema nimekosea, yataisha."

"Atakuja. Mimi namleta."

"Sitaki kanisa zima. Sitaki kipaza sauti. Aje kama alivyokuwa anakuja kuomba chumvi, asimame mlangoni, aseme nimekosea. Neno moja. Kakangu kanipa mpaka Jumamosi. Baada ya hapo anakuja na lori lake, anachukua cherehani yangu anaipeleka kwake. Anasema sijafa njaa kiasi cha kukaa meza moja na waliomwita mama yetu…" Sentensi hiyo hakuimaliza.

Redio akakimbia nyumbani. Alijua ni kazi ya dakika tano. Baba yake si jiwe.

Kumbe nyumbani baraza la wazee limeshafika, viatu vimejaa mlangoni. Katibu wa baraza ndiye kakalia kiti cha Baba, mwalimu mkuu mstaafu huyo, miwani puani, kalamu tatu mfukoni, mtu ambaye hata ukimpa salamu anakusahihisha. Mchungaji yuko kwenye stuli, kainama, anakuna goti.

"Baba, Futi anakuita," Redio akasema akihema. "Anataka neno moja tu, yaani ukifika mlangoni—"

"Mchungaji haendi mlangoni kwa mtu," Katibu akasema. "Mchungaji akiteleza, anafafanua."

"Anafafanua mzoga?"

"Binti!"

"Mwacheni," Mchungaji akasema. Kisha akamgeukia. "Mwanangu, yule imamu wao mwaka juzi si alisema kwaya yetu inalia kama mbuzi walioachwa mvuani? Kwenye spika, mtaa mzima ukasikia. Aliomba radhi?"

"Hakuomba."

"Ehe."

"Lakini Baba, mbuzi wa mvuani hakuwa amefiwa."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Katibu akamtazama mpaka kikohozi kikapona.

"Tuelewane," Katibu akasema. "Leo tukikiri kosa kwa neno moja, kesho wataleta orodha. Watauliza ya mwaka juzi na ya mwaka kesho. Mimbari ikishaomba msamaha mara moja, kila Jumapili patakuwa na mtu amekaa nyuma na kalamu anasubiri. Tutatoa taarifa. Yenye heshima. Redio, si unajua kuchapa? Kaa."

Akakaa. Angefanyaje? Katibu akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akaanza kuisomesha hewa: "Iwapo katika mahubiri ya Jumapili kuna aliyekwazika, uongozi unasikitika…"

Vidole vya Redio vikasimama. "Kakwazika na nani?"

"Nini?"

"Mtu hakwaziki mwenyewe, Katibu. Anakwazwa. Hii ni kama mtoto kavunja kikombe halafu anasema kimevunjika. Baba, si wewe ulikuwa unanichapa nikisema kimevunjika? Ulikuwa unasema, sema nimevunja!"

Mchungaji akatabasamu kidogo, kwa bahati mbaya, kisha akalifuta tabasamu kwa kiganja.

"Na hii 'iwapo' ya nini?" Redio akaendelea. "Iwapo! Mtu analia nyuma ya tangi, sisi tunasema iwapo!"

"Umeitwa kuchapa au kutunga?"

Akachapa. Ila alipofika kwenye ile sentensi, kwa kuwa wote walikuwa wameanza kunywa chai, akaandika, "Nimewakwaza ndugu zetu, nimekosea, nawaomba mnisamehe." Akaprinti, akampa Katibu na uso wa malaika. Katibu akasoma na kalamu mkononi, maana hajui kusoma bila kalamu. Alipofika pale akapiga mstari mwekundu. "Rudia," akasema, bila hata kugomba, kama anamrudishia mwanafunzi hesabu.

Taarifa ikasomwa Jumatano mbele ya kanisa. Imamu wa upande ule akajibu jioni kwenye spika kwamba yeye hajaona msamaha hapo, kaona sarufi. Hata Redio akataka kucheka, halafu akakumbuka siku zinakwenda.

Alhamisi asubuhi akamvizia baba yake peke yake, anapiga viatu rangi nje.

"Baba, twende sasa hivi. Hakuna atakayejua. Mimi na wewe."

Mchungaji akaendelea kusugua kiatu kilichokuwa kimeshang'aa. "Nilitaka kumwona tu," akasema.

"Nani?"

"Mama yake Futi. Nilisafiri saa kumi na tano. Nilikuwa nasema kichwani, nikifika nitamshukuru. Miaka ishirini na tano sijawahi kumshukuru vizuri yule mama, yaani nikae chini niseme, umeniokolea mtoto. Nilidhani watanisubiri. Nimefika, udongo." Akaweka kiatu chini. "Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nikapanda kule nayo."

"Sasa si ukawaambie hivyo hivyo! Baba, hivyo hivyo!"

"Nilishasema. Nilisema palepale, kabla. Hukusikia?"

Redio hakusikia maana hakuwepo, na kwenye kompyuta hakufika huko. Akakimbia ndani, akatafuta rekodi nzima, akarudi dakika mbili nyuma ya ule mlima. Kulikuwa na kamstari kembamba, karibu hakuna wimbi kabisa. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Baba yake anaongea chini chini, kama mtu aliyesahau yuko kanisani: "Kuna mama hapa jirani alimnyonyesha mwanangu miezi mitatu, sisi hatuna hata hela ya kununua maziwa. Amefariki juzi. Nimekuja mbio nimuage. Wameshamzika. Uso sikuuona."

Halafu kimya. Halafu pumzi. Halafu mlima.

Redio akalia, akacheka, akajipiga kofi la paja. Kumbe! Kumbe alikuwa analia yule mzee, kilio kimetokea mlango mbaya! Watu wakisikia yote wataelewa, nani asiyeelewa? Hakumuuliza mtu. Akaunganisha zile dakika zote, tangu kamstari mpaka mlima, hakukata hata pumzi, akaandika, "Sikilizeni mpaka mwisho," akarusha. Akakaa mbele ya simu anasubiri dunia ipone.

Ikachukua robo saa. Futi akapiga.

"Redio."

"Umesikia? Umesikia anavyomsema? Alikuwa analia, Futi!"

"Kwa hiyo ni Mama."

"Eeh, ni Mama Mkubwa! Alikuwa anamsema yeye!"

"Mwanzo ilikuwa kawasema Waislamu wote," Futi akasema. "Nikawa najiambia, hakumfikiria mtu, kaongea tu, mdomo umemponyoka. Nikawa namtetea kwa kakangu kwa hilo. Sasa umenionyesha alikuwa anamfikiria mama yangu. Kayataja maziwa yake. Halafu ndiyo akasema mzoga."

Redio akaikimbilia kompyuta aifute.

"Kakangu kasikia," Futi akasema. "Anakuja na lori Jumamosi saa tatu." Akakata.

Akaifuta ile video lakini ndiyo ilikuwa imeshapaa, iko kwa watu wa mbali wasiojua hata ukuta uko wapi, wanaijadili. Huku wanasema Mchungaji shujaa asiombe radhi kwa mtu, kule wanasema mengine ya kutisha. Baraza likafurahi hasa. Waumini wameongezeka, Katibu akasema, na mkazo wake wa mwalimu mkuu, hatujawahi kufuatiliwa hivi.

Jumamosi saa tatu kamili lori likasimama mbele ya duka. Kaka yake Futi hakumsalimia Redio. Hakumtukana pia, angemtukana ingekuwa nafuu. Akaingia, akaangalia cherehani kama anaangalia mzigo wowote, akaanza kufungua meza yake chini kwa spana. Futi akawa anakusanya vitu vyake kwenye ndoo: mkasi mdogo, mafuta ya mashine, pini, bobini za nyuzi za rangi. Nyingine zilikuwa za wote wawili, akawa anainua bobini moja moja, "Hii?" na Redio anasema, "Chukua." "Hii?" "Chukua tu." Mezani kulikuwa na sare za shule kumi na mbili ambazo Redio alikuwa ameshazikata, mikono huku, kola kule.

"Hizi nani atashona?" Redio akauliza.

"Sijui."

"Wiki ijayo wanazitaka."

"Redio, sijui."

Ndipo Mchungaji akatokea. Peke yake, bila kola yake ya uchungaji, bila Katibu, kavaa ile fulana yake ya kupalilia bustani. Anachechemea, maana goti linamsumbua, na kavuka mtaa mzima mchana kweupe watu wanamwona. Kaka mtu akanyoosha mgongo, spana mkononi. Futi akaiweka ndoo chini.

Mchungaji akasimama mlangoni. Pale pale Futi alipokuwa amemtaka asimame, ila mlango mwingine. Akamtazama Futi, akatazama ile cherehani iliyolazwa ubavu kama mgonjwa. Midomo yake ikawa inatafuta. Redio anaiona, kabisa, ile "ni" ya kwanza imekuja mpaka kwenye meno, akawa anamsukuma kwa macho, sema, Baba, sema, silabi tano tu.

"Pole, mwanangu," Mchungaji akasema.

Lori linanguruma nje.

"Pole sana," akaongeza, na machozi yakamtoka ya kweli, hakuna wa kusema aliigiza.

Futi akasubiri. Alisubiri kwa heshima, kichwa kimeinama, akampa muda wa kutosha mtu kusema neno lingine lolote. Halikuja.

"Nimeshapoa, Baba," Futi akasema. "Asante kwa kuja."

Mchungaji akatikisa kichwa mara mbili tatu, akajipangusa, akageuka, akaondoka anachechemea, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Redio akamshika Futi mkono. "Amekuja. Umeona amekuja mwenyewe. Si umemsamehe?"

"Kanipa pole," Futi akasema. "Pole nimepewa na watu zaidi ya mia wiki hii, Redio. Muuza mkaa kanipa pole. Pole anapewa mtu aliyepatwa na jambo. Hili sikupatwa nalo mimi, nimefanyiwa." Akautoa mkono wake taratibu. "Ningeweza hata kujidanganya kwamba ndiyo hiyo hiyo. Nimejaribu hapo alipokuwa amesimama. Haikuingia."

Akapanda mbele pembeni ya kaka yake, ndoo mapajani. Futi iko shingoni. Lori likaondoka bila mtu kupunga.

Nyumbani, chakula cha mchana, Mchungaji akala kama hajala wiki nzima. Na kweli hakuwa amekula.

"Mambo yameisha," akamwambia mkewe. "Nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nimemwomba radhi yule mtoto, kapokea. Baraza wasijue, lakini nimeyamaliza."

"Ulimwambiaje?" Mama akauliza.

"Nilimwambia pole."

Mama akasimamisha kijiko. Akamtazama Redio. Redio akamtazama baba yake, yale mashavu yaliyorudiwa na damu, lile goti alilolinyoosha chini ya meza kwa raha ya mtu aliyelipa. Angemwambia. Maneno alikuwa nayo yote, yamejipanga, na ukweli ni kwamba yasingemrudisha Futi dukani. Yangemwondoa tu na huyu hapa mezani.

"Baba, pole si…"

"Si nini?"

"Si kitu. Kula."

"Kaiweke na mtandaoni," Mchungaji akasema, akichota tena. "Watu wa mbali wanagombana bure. Waambie tumepatana. Andika, Mchungaji na binti yake wa upande wa pili wamepatana."

Redio akatoa simu. Akaandika kama alivyoambiwa, herufi kwa herufi. Alipofika mahali pa kuweka picha akauliza aweke ipi.

"Yoyote mliyopiga wote wawili. Si mnazo nyingi?"

Walikuwa nazo nyingi mno. Akazipitisha moja moja kwa kidole, wali unapoa mbele yake, akachagua ile ambayo Futi anacheka.